Chavua ikivuka mpaka, nani atalipa?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji ili nijibu makala iliyotoka katika gazeti hili wiki chache zilizopita, ambayo mwandishi wake aliitaka Serikali irejeshe majaribio ya mahindi yaliyobadilishwa vinasaba katika kituo cha utafiti cha Makutupora, Dodoma, kwa hoja kwamba mikoa ya Dodoma na Singida haitajitosheleza kwa chakula mpaka ipate mbegu inayohimili ukame. Mimi ni bwana shamba mstaafu. Nimetembea vijiji vya Kongwa, Mpwapwa na Chamwino kwa zaidi ya miaka thelathini, kwanza kwa baiskeli na baadaye kwa pikipiki, na sasa nalima ekari zangu chache za mtama, uwele, alizeti na mahindi hapa Kongwa. Naandika kwa sababu makala ile, ambayo iliandikwa kwa ufasaha na nia njema, iliruka swali ambalo kwangu ndilo la kwanza: chavua ya mahindi hayo ikivuka mpaka na kuingia katika shamba la jirani, hasara itakayotokea italipwa na nani?

Kabla ya kufika huko, niseme wazi mambo ambayo sitayatetea. Vijijini kwetu neno GMO, yaani kiumbe kilichobadilishwa vinasaba, limekuwa jina la kila kitu ambacho mtu hakipendi: mahindi chotara ya dukani huitwa GMO, kuku wa nyama huitwa GMO, nyanya kubwa isiyo na ladha nayo huitwa GMO. Mbegu chotara hupatikana kwa kuchavusha aina tofauti za zao lile lile, kazi ambayo mkulima anaweza kuonyeshwa shambani na kuielewa, ilhali mbegu ya uhandisi jeni huingiziwa maabara jeni ambayo inaweza kutoka kwa kiumbe wa aina nyingine kabisa. Kuyachanganya mambo haya mawili kumewafanya baadhi ya wakulima wakatae hata mbegu bora zilizotokana na kazi ya watafiti wetu wenyewe. Nimesikia pia, katika mikutano ya hadhara, watu wakiambiwa kwamba mahindi haya huleta ugumba na saratani. Utafiti wa panya uliofanywa Ufaransa na Gilles-Éric Séralini, ambao ulitangazwa Septemba 2012 na kuchangia Kenya kupiga marufuku uingizaji wa vyakula hivyo mwezi Novemba mwaka ule ule, uliondolewa mwaka uliofuata na jarida lililouchapisha, kwa maelezo kwamba matokeo yake hayakutosha kuthibitisha kilichodaiwa. Mtafiti mwenyewe aliupinga uamuzi huo na kuuchapisha upya katika jarida jingine mwaka 2014. Akademia za Taifa za Sayansi za Marekani zilipitia mamia ya tafiti na kueleza mwaka 2016 kwamba hazikuona ushahidi kuwa vyakula vya mazao haya vilivyoko sokoni vinadhuru afya ya binadamu kuliko vile vya kawaida. Ripoti hiyo hiyo ilieleza pia kwamba takwimu za nchi nzima hazikuonyesha mavuno ya Marekani kuongezeka kwa kasi kubwa zaidi kwa sababu ya mbegu hizo, na ni jambo la kusikitisha kwamba kila upande hunukuu nusu moja tu ya ripoti. Mimi sitaki mkulima wa Kongwa atishwe kwa habari ambayo siwezi kuithibitisha, kwa sababu siku atakapogundua kwamba alidanganywa kuhusu saratani hatanisikiliza tena nitakapomweleza kuhusu mbegu yake.

Turudi Makutupora. Mradi ulioleta mahindi yale ulianza mwaka 2008 ukiratibiwa na AATF, taasisi ya teknolojia za kilimo barani Afrika yenye makao yake Nairobi, ukiwahusisha watafiti wa serikali za Tanzania, Kenya, Uganda, Msumbiji na Afrika Kusini, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, CIMMYT, na kampuni ya Marekani ya Monsanto, ambayo mwaka 2018 ilinunuliwa na Bayer ya Ujerumani. Miongoni mwa wafadhili ulikuwemo mfuko wa Bill na Melinda Gates. Wenzetu wa Kenya, Uganda na Afrika Kusini walianza majaribio ya shambani mapema, lakini kwetu yalichelewa, na sababu ya kuchelewa ndiyo kiini cha barua hii. Kanuni za usalama wa bioteknolojia za mwaka 2009, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zilimtaka anayeingiza kiumbe kilichobadilishwa vinasaba abebe madhara yote yatakayotokea, bila aliyeumia kulazimika kuthibitisha kwamba kulikuwa na uzembe. Watafiti na washirika wao walilalamika kwamba kwa sharti hilo hakuna mtu ambaye angethubutu kufanya jaribio hata katika nusu ekari. Mwaka 2015 kanuni zikarekebishwa na sharti hilo likalegezwa kwa upande wa utafiti, na mwezi Oktoba 2016 mbegu za kwanza zikapandwa Makutupora. Naomba msomaji auangalie mfuatano huo kwa makini: wajibu wa kulipa ulilegezwa kwanza, ndipo mbegu ikaingia ardhini.

Kilichofuata kinajulikana. Novemba 2018 Katibu Mkuu wa Wizara ya Kilimo aliagiza majaribio yasimamishwe na mabaki yake yateketezwe, baada ya kuonekana kwamba matokeo yalikuwa yakitangazwa bila kibali, na Januari 2021 aliyekuwa Waziri wa Kilimo, Profesa Adolf Mkenda, akatangaza kufuta kabisa majaribio hayo. Nilifurahi tahadhari ile ilipochukuliwa, lakini furaha yangu ilikuwa na upungufu. Sisi tulio umbali wa saa chache tu kutoka Makutupora hatukuwahi kuelezwa kwa Kiswahili, katika mkutano wa kijiji, mahindi yale yalivunwaje, chavua ilipimwa umbali gani na udongo ule ulifuatiliwa kwa muda gani baada ya mabaki kuchomwa. Majaribio yalikuja bila sisi na yakaondoka bila sisi, na sasa mjadala wa kuyarejesha unafanyika tena magazetini na ukumbini, huku wenye majembe wakiwa hawamo.

Mwandishi wa makala alisisitiza sana ukame, na ni haki yake, kwa sababu hapa kwetu ukame hauhitaji kuelezwa. Dodoma hupata wastani wa milimita 500 hadi 600 za mvua kwa mwaka, katika msimu mmoja unaoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuishia Aprili, na adui mkubwa wa mahindi ni ule ukavu wa katikati ya msimu, mara nyingi mwezi Februari, ambao hulikuta hindi likitoa mbelewele na ndevu. Jua la wiki tatu wakati huo linatosha kumwachia mtu mabua ya kulishia ng'ombe. Jeni iliyowekwa katika mahindi ya Makutupora, iitwayo cspB, ilitolewa kwa bakteria wa udongo ambaye huitumia kuhimili baridi, na madai ni kwamba ndani ya hindi humsaidia mmea kupunguza hasara wakati maji yanapopungua. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilipoyaruhusu mahindi yenye jeni hiyo mwaka 2011, nyaraka zake zenyewe zilieleza kwamba kiwango cha uhimilivu kilichopatikana hakikuzidi kile kinachoonekana miongoni mwa aina za kawaida za mahindi zilizozoea maeneo makavu ya nchi hiyo. Nako Afrika Kusini, ambako mahindi hayo yaliidhinishwa mwaka 2015, Mahakama Kuu ya Rufani iliutengua uamuzi huo mwezi Oktoba 2024, kwa sababu mamlaka hazikuzingatia ipasavyo kanuni ya tahadhari na zilikubali maelezo ya kampuni bila kuyapima dhidi ya ushahidi wa wataalamu waliopinga. Hayo hayathibitishi kwamba jeni ile ni sumu, ila yanaonyesha kwamba faida tunayoombwa tuikubali pamoja na hatari zake ni ndogo kuliko inavyotangazwa.

Na sijui kwa nini mjadala wa ukame wa Dodoma lazima uwe mjadala wa mahindi. Mtama ni wa bara hili, na uwele pia; mababu zetu walivichagua suke kwa suke kwa ajili ya nchi kama hii. Watafiti wetu wametoa aina za mtama kama Tegemeo, Macia, Wahi na Hakika, hizo mbili za mwisho zikiwa na uwezo wa kustahimili kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya nafaka, na aina za uwele kama Okoa na Shibe, zote bila uhandisi jeni. Hata mradi ule ule wa mahindi ya ukame ulitoa kwanza mahindi chotara ya kawaida yaliyoandikishwa na kuuzwa nchini. Katika kijiji cha Chololo, hapa hapa Dodoma, wakulima walichimba vishimo vya kukusanya maji ya mvua karibu na shina, na jirani zao wakaiga kwa sababu waliona kwa macho yao. Kituo cha utafiti cha Hombolo kingepewa hata sehemu ya umaarufu unaopewa jeni ya bakteria, nadhani tungekuwa tunaandikiana barua nyingine.

Sasa nije kwenye mpaka. Anayezungumzia kutenganisha mahindi ya jeni na mahindi ya kawaida hana budi kuyaona mashamba yetu. Hapa kijijini mpaka kati ya shamba langu na la jirani ni mstari wa mkonge na mti mmoja. Upande wa pili ni kijia cha mbuzi. Mtu mmoja ana ekari mbili huku, ekari moja na nusu kule ng'ambo ya korongo, na nyingine amekodisha kwa shemeji yake. Mahindi huchavushwa kwa upepo. Sehemu kubwa ya chavua huanguka mita chache kutoka kwenye mmea, lakini nyingine husafiri, na ndiyo maana wanaozalisha mbegu za mahindi huamriwa kuacha umbali wa mita 200 au zaidi kati ya shamba la mbegu na mahindi mengine. Ukiacha mita 200 kila upande katika kijiji chetu utakuwa umekwisha kuvuka mashamba ya watu sita au saba. Nasisitiza kwamba chavua ya mahindi haiwezi kuzaa na mtama wala uwele, kama nilivyowahi kusikia ikidaiwa. Itazaa na mahindi tu. Lakini kwa mahindi itazaa kila mahali, na hindi litakalopokea chavua hiyo litakuwa na punje zenye jeni ambayo mwenye shamba hakuinunua, hakuiomba na hawezi kuiona kwa macho.

Kule Ulaya na Marekani jambo hilo lina uzito wake, ila mkulima wa huko kwa kawaida hununua mbegu mpya kila mwaka, kwa hiyo kilichoingia shambani mwaka huu huondoka na mavuno. Kwetu mavuno ndiyo mbegu. Nakumbuka mama yangu alivyokuwa akipita shambani kabla ya sisi wengine kuruhusiwa kuvuna, akifunga uzi wa mkonge kwenye masuke na mahindi aliyoyapenda, kisha akayatundika ndani ya tembe juu ya mafiga, ambako moshi uliyalinda na wadudu mpaka mvua za Desemba. Msimu ulipoharibika hakwenda dukani. Alikwenda kwa dada yake Mpwapwa akarudi na kibaba cha mbegu, na mwaka wa pili yeye ndiye aliyeombwa. Wagogo bado huitaja Mtunya, njaa ya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ambayo haikuletwa na ukame peke yake bali pia na majeshi ya pande zote mbili yaliyochukua nafaka na mifugo ya watu. Waliofufuka baada ya njaa ile walifufuka kwa mbegu walizofichiana na kuazimana. Mtandao huo wa ndugu na majirani ungali hai, na ndio ambao jeni isiyoonekana itasafiri ndani yake kutoka kijiji kimoja hadi kingine, mwaka baada ya mwaka, kwa mikono ya watu wasio na habari. Tukitaka kuirudisha ilikotoka, tutaanzia kwa shangazi wa nani?

Nina sababu binafsi ya kulishikilia neno fidia. Msimu mmoja, nikiwa bado kazini, niliwashawishi wakulima wa kijiji kimoja wanunue mahindi chotara kutoka kwa kampuni iliyokuwa imeleta mbegu kupitia duka la pembejeo la mjini. Niliwaambia kwa kinywa changu kwamba yatakomaa mapema na kuukwepa ukavu wa Februari. Mbegu iliyokuja kwenye mifuko haikuwa ile iliyoandikwa kwenye lebo. Ilichelewa kutoa mbelewele kwa wiki kadhaa, jua likaikuta, na kaya nyingi hazikupata hata debe. Niliandika barua. Muuza duka alisema amepokea mifuko ikiwa imefungwa, kampuni ikasema tatizo ni hali ya hewa, na nilipouliza kwenye ofisi husika niliambiwa wakulima wathibitishe kwamba mbegu ndiyo yenye kosa, wakati mbegu yenyewe ilikuwa imekwisha kuozea ardhini na hakuna aliyekuwa amehifadhi lebo. Hakuna aliyelipwa hata shilingi moja. Mwaka uliofuata mama mmoja alinipokea kwake, akanipa maji ya kunywa, akaniuliza kwa upole kama nimeleta mbegu nyingine. Ile ilikuwa mbegu ya kawaida kabisa, na kosa lilionekana kwa macho. Je, mkulima atathibitishaje kosa lililofichika ndani ya kinasaba, ambalo hupimwa maabara kwa gharama inayozidi thamani ya mavuno yake yote?

Mtu anaweza kunijibu kwamba katika majaribio hakuna hatari ya kuvuka, kwa kuwa shamba huzungushiwa uzio na walinzi. Mwaka 2006 huko Marekani mpunga ulioitwa LL601, wa kampuni ya Bayer, ulikutwa umechanganyika na mchele wa biashara. Mpunga huo haukuwa umewahi kuuzwa kwa wakulima. Ulikuwa umejaribiwa tu, na majaribio yake yalikuwa yamekwisha mwaka 2001. Masoko ya Ulaya na Japani yaliukataa mchele wa Marekani, bei ikaanguka, na wakulima ambao hawakuwahi kuuona mpunga huo walipata hasara. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2011 kampuni ilikubali kulipa hadi dola milioni 750 kwa maelfu ya wakulima. Hiyo ni nchi yenye maabara, mawakili na uzio kuliko sisi, na bado jaribio lilitoroka na hakuna aliyejua kwa miaka mitano. Wakulima wale walilipwa kwa sababu walikuwa na vyama imara, kumbukumbu za mauzo na mahakama walizozimudu. Hapa kwetu kanuni zililegezwa mahali pale pale ambapo mpunga ule ulitorokea, yaani kwenye utafiti.

Mfano wa pili ni wa barani kwetu. Burkina Faso ilianza kulima kibiashara pamba yenye jeni ya Bt, inayoufanya mmea utoe sumu ya kuua wadudu, mwaka 2008, na wadudu walipungua kweli, na wakulima wengi walisifu kupungua kwa kazi ya kupulizia dawa. Hata hivyo nyuzi za pamba hiyo zilikuwa fupi kuliko zile zilizokuwa zimeipa nchi hiyo jina zuri sokoni, na kufikia mwaka 2016 makampuni ya pamba yaliamua kuiacha. Yalidai kutoka Monsanto fidia ya faranga bilioni 48.3, na kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa yakishika malipo ya hakimiliki ya mbegu, yaliyazuia malipo hayo mpaka pande mbili zilipopatana. Walipata pa kushikia. Mkulima wa mahindi wa Kongwa, ambaye hana malipo ya mtu mikononi mwake, atashika nini?

Lipo pia suala la wadudu, ambalo halisemwi vya kutosha. Mahindi ya Makutupora hayakuishia kwenye jeni ya ukame. Baadaye yaliwekewa na jeni ya Bt inayomuua funza anayetoboa mabua. Mwenye kulima mahindi ya Bt hutakiwa kutenga sehemu ya shamba kwa mahindi ya kawaida, hadi asilimia 20 kwa utaratibu mmojawapo wa Afrika Kusini, ili wadudu wasiozoea sumu hiyo waendelee kuwepo na kuchanganyika na wale walioizoea. Kule Afrika Kusini, kwenye wakulima wakubwa wenye matrekta, wengi hawakuitenga sehemu hiyo kama walivyotakiwa, na ndani ya takribani miaka kumi funza huyo, kwa jina la kitaalamu Busseola fusca, akaonekana kuistahimili sumu. Funza huyo huyo tunaye hapa. Mwenye ekari moja na watoto watano ataambiwa aache sehemu ya tano ya shamba ili wadudu wapate kula? Mimi, kwa miaka yangu ya kazi, nisingeweza kumwambia hivyo, na kama ningemwambia asingenitii, na kumlaumu nisingeweza.

Nafahamu hoja za upande mwingine ambazo si za kupuuzwa. Viwavijeshi vamizi walioingia nchini mwaka 2017 wamewatesa wakulima, na dawa zinazopuliziwa bila barakoa wala glavu ni hatari ninayoiona kila msimu; mbegu inayopunguza kupulizia dawa ingekuwa nafuu ya kweli kwa mapafu ya vijana wetu. Vilevile mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu ya ukungu kwenye nafaka, iliua watu wapatao ishirini katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na wapo wataalamu wanaosema kwamba hindi lisilotobolewa na wadudu huingiliwa na ukungu kwa kiasi kidogo zaidi. Nililia na baadhi ya familia zile. Lakini nilichokiona katika nyumba zao ni mahindi yaliyoanikwa juu ya udongo, yaliyohifadhiwa kabla ya kukauka, na uhaba wa maturubai na maghala. Na hizo ni kazi ambazo tunaweza kuzifanya leo bila kuingia mkataba na mtu yeyote. Wanaosema utafiti usizuiwe nao wana haki kwa kiasi fulani. Sipingi wataalamu wetu wa kituo cha utafiti cha Mikocheni au wa vyuo vikuu kujifunza elimu hii ndani ya maabara, kwa sababu taifa lisiloweza kupima vinasaba lenyewe litategemea neno la muuzaji, na mbegu zinaweza kutufikia hata tusipoziita. Kenya iliondoa marufuku yake Oktoba 2022, na ingawa suala hilo limekuwa likirudi mahakamani tangu hapo, nafaka hazisomi hukumu zinapopita Namanga.

Ninachokiomba, kwa hiyo, ni hiki: kabla mbegu yoyote ya aina hii haijapandwa nje ya maabara, hata kwa utafiti, sharti la mwaka 2009 lirudishwe kama lilivyokuwa, kwamba aliyeileta ndiye anayelipa, na aliyepata hasara asitwishwe mzigo wa kuthibitisha uzembe wa mtu aliye mbali naye kwa elimu na kwa fedha. Mmiliki wa teknolojia aweke dhamana ya fedha nchini mapema, kwa sababu kampuni hununuliwa na kubadilishwa majina, kama tulivyoona mwaka 2018, na mkulima hawezi kwenda kuitafuta Ujerumani. Mikutano mikuu ya vijiji vinavyozunguka eneo la jaribio iarifiwe kwa lugha inayoeleweka na ipewe nafasi ya kukataa. Na sheria ya haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea ya mwaka 2012, pamoja na wajibu tulioupokea tulipojiunga na UPOV, umoja wa kimataifa wa kulinda haki za wagunduzi hao, mwaka 2015, isomwe upya ili iandikwe bila utata kwamba mkulima ambaye mazao yake yameingiliwa na jeni yenye hakimiliki bila yeye kutaka hawezi kushtakiwa kwa kuhifadhi mbegu zake, wala kwa kumpa ndugu yake kibaba. Nayasema haya nikijua kwamba masharti kama hayo yanaweza kuwafanya wenye mbegu wasije kabisa. Wakisita kuja kwa sababu tu wametakiwa kusimama nyuma ya bidhaa yao, basi watakuwa wametueleza wenyewe wanavyoipima hatari yake.

Na yale matokeo ya Makutupora ya kati ya mwaka 2016 na 2018 yachapishwe kwa Kiswahili, yote, mazuri na mabaya. Yaligharimu ardhi ya umma na muda wa watumishi wa umma. Kama mahindi yale yalifanya vizuri kuliko aina zetu za kawaida kama Situka au Staha katika ukavu wa Februari, nataka kuyaona mavuno kwa ekari, na niko tayari kubadili sehemu ya maoni yangu kwa maandishi katika gazeti hili hili.

Mwandishi wa makala ile namheshimu, na ningependa anijibu hapa hapa ili wasomaji wengine wafuatilie. Nimpe mfano halisi wa kuujibia. Jirani yangu wa upande wa magharibi, ambako upepo wetu wa msimu huelekea, ni mama mjane mwenye ekari moja na robo. Hupanda mahindi ya mbegu aliyorithi, na kila mwaka huuza magunia mawili au matatu katika soko la Kibaigwa ili kulipia sare na madaftari. Tuseme mimi nimepanda mahindi ya jeni, yeye hakupanda, na mnunuzi anayetaka mahindi ya kawaida amekuja na kipimo chake na kuyakataa magunia yake. Mama huyo, ambaye hajui hata jina la jeni hiyo, siku ya pili yake asubuhi atakwenda kugonga mlango wa ofisi gani, akiwa na karatasi gani mkononi?

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Bwana shamba mstaafu na mkulima,
Kongwa, Dodoma